Daftari la Baba, Kengele Mbili na Nchi Kubwa Kuliko Zote

Kengele za mchezo wetu wa maswali zilikuwa za baiskeli. Moja tuliifunga kwa waya kwenye meza ya kushoto, nyingine kwenye meza ya kulia, na kwa kuwa milio yao ilitofautiana kidogo, hata ukumbi ukiwa na giza tulijua ni timu gani imewahi. Siku ile umeme ulikuwa haupo tangu asubuhi. Ilikuwa Julai 2018, na Julai ya Lubumbashi ina baridi ya kukausha midomo. Watoto walivaa majaketi juu ya mashati ya shule, wazazi wamejikunyata kwenye mabenchi ya parokia, nami nimesimama karibu na mlango ili nipate mwanga wa kusomea daftari la marehemu baba yangu.

"Ni nchi gani iliyo kubwa kuliko..."

Kengele ya kulia ikalia. Kapiteni wa timu, mvulana mwembamba wa miaka kumi na tatu, alikuwa bado ameweka kidole juu ya kengele, kana kwamba akikiondoa mtu ataichukua.

"Algeria," akasema. "Afrika nzima, ni Algeria."

Nikatazama daftari. Swali limeandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko wa baba unaolalia kulia, na chini yake, kwa wino mwekundu, jibu: Sudan. Nikasema hapana. Kwa kanuni zetu, anayekatiza swali akakosa anapoteza alama kumi, na swali linakwenda upande wa pili. Upande wa pili wakasema Sudan. Nikawapa alama kumi. Mchezo ulipoisha, timu ya yule kijana ilikuwa imeshindwa kwa alama kumi tu.

Hakubisha. Alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni, akaja kunipa mkono kama tulivyowafundisha.

Usiku, nilipopata kuchaji simu kwa jirani mwenye jenereta, nilitafuta. Sudan ilikuwa kubwa kuliko zote hadi tarehe 9 Julai 2011, siku Sudan Kusini ilipojitenga na kuondoka na zaidi ya kilomita za mraba 600,000. Tangu siku hiyo, ya kwanza ni Algeria, yenye kilomita za mraba 2,381,741. Kijana alikuwa sahihi kwa miaka saba mizima. Nilimnyima alama zake mbele ya mama yake.

Mchezo wenyewe ni Génies en herbe. Ulizaliwa kwenye televisheni ya Quebec, Kanada, mwaka 1972, ukasambaa kote kunakosemwa Kifaransa, na huku Kongo uliota mizizi mashuleni kama muhogo. Timu mbili, kapiteni kila upande, maswali ya historia, jiografia, sayansi, sinema, riwaya, mpira. Hapa kwetu tunauliza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa sababu mtoto wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anajua mambo mengi ambayo bado hajapata Kifaransa cha kuyasemea.

Baba alikuwa mwalimu, na alianza lile daftari mwaka 1984. Wakati ule hakukuwa na simu ya kuuliza. Alikuwa na kamusi kuukuu ya Larousse isiyo na jalada, alikuwa na redio, na alikuwa na magazeti yaliyofungiwa ndakala sokoni, ambayo mama alikuwa haruhusiwi kuyatupa kabla hayajasomwa. Ndiyo maana kurasa kadhaa zina harufu ya samaki hadi leo. Alikusanya maswali zaidi ya mia nane. Alipotutoka mwaka 2009, ndugu zangu waligawana vyombo na baiskeli; mimi niliomba daftari.

Usiku ule wa Julai, nikiwa na aibu yangu na mwanga wa simu, niliona kitu ambacho nilikuwa nimekipita kwa miaka tisa. Pembeni ya kila jibu jekundu kuna tarakimu ndogo kwa kalamu ya risasi: 3/86, 11/87, 6/90. Siku zote nilidhani ni namba za kurasa za Larousse. Ni tarehe. Mwezi na mwaka ambao baba alihakikisha jibu. Pembeni ya Sudan pameandikwa 3/86, na Machi 1986 Sudan ilikuwa kweli kubwa kuliko zote. Baba hakukosea. Alijua jibu lina umri, akaandika siku lilipozaliwa ili atakayekuja baada yake ajue pa kutazama tena. Mimi ndiye niliyesoma neno nikaacha tarehe.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikwenda kwao. Nyumba ya matofali ya kuchoma, uani kuna mwembe, nkambo wake, yaani bibi yake, amekaa kwenye mkeka anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi kwa mjukuu wake. Mama huyo alinitazama kwa muda, akaita jina la kijana, akaniambia: "Karibu, Mwalimu. Kaa kwanza." Mimi si mwalimu, lakini mtaani jina la baba limenirithi.

Kijana alipokuja nilimweleza yote: Sudan, mwaka 2011, tarehe za baba. Nikamuuliza kwa nini hakubisha.

"Kaye ilikuwa mu mikono yenu," akanijibu.

Kaye ni daftari. Sentensi hiyo nimeizungusha kichwani mara nyingi sana. Mtoto anajua, na anajua kwamba anajua, lakini daftari liko mkononi mwa mtu mzima.

Nikamuuliza alijuaje habari ya Algeria. Akanipeleka ndani. Ukutani palikuwa na kalenda ya zamani yenye ramani ya Afrika, na juu ya ramani alikuwa amechora kwa rula na kalamu ya risasi viraba vidogo vidogo, bara zima, kuanzia Tunisia hadi Rasi. Alikuwa amehesabu viraba vya kila nchi kubwa na kuandika jumla pembeni. Algeria, kisha Kongo, kisha Sudan. Hakuna aliyemwagiza.

Hapo nikampa kitu kimoja kwa malipo, kwa sababu niliona anastahili swali gumu zaidi. Nilimwambia ramani nyingi za ukutani huzivuta nchi zilizo mbali na ikweta zikaonekana kubwa kuliko zilivyo, kwa kuwa dunia ni ya mviringo na karatasi ni bapa. Kwenye ramani kama hizo Greenland huonekana kama inatoshana na Afrika, ilhali Afrika inaizidi karibu mara 14. Sasa Algeria iko kaskazini na Kongo inakatwa na ikweta. Je, viraba vyako vilikuwa vinapima nchi au vinapima karatasi? Alinyamaza. Akaenda kwenye ramani akaweka kiganja juu ya Kongo. Tulitafuta tarakimu pamoja: Kongo yetu ina kilomita za mraba karibu 2,345,000. Tofauti na Algeria ni takriban 37,000 tu, eneo linaloizidi Burundi. Jibu lake lilikuwa sahihi, ila ramani ilikuwa imempendelea. Na siku ile ile Sudan ilipogawanyika, sisi tulipanda kutoka nafasi ya tatu hadi ya pili Afrika bila kuongezewa hata shamba moja la mihogo. Hilo lilimfurahisha kuliko alama kumi.

Tukakubaliana kulipitia daftari zima, swali kwa swali, kila Jumamosi. Ilituchukua hadi Desemba.

Majibu yaliyokufa kwa umri yalikuwa mengi, na hayo hayakutusumbua. Haute-Volta, baba mwenyewe alikuwa ameifuta: iligeuka Burkina Faso Agosti 1984, miezi michache baada ya kufungua daftari. Lagos iliiachia Abuja hadhi ya mji mkuu mwaka 1991. Sayari tisa zikawa nane mwaka 2006, Pluto ilipoondolewa kwenye orodha. Swaziland ilikuwa Eswatini tangu Aprili ya mwaka ule ule tuliokuwa tunasahihisha. Kwenye ukurasa mmoja baba aliuliza: tunaishi jimbo gani? Jibu: Shaba. Kijana alidhani ni mzaha. Kwake shaba ni ile inayobebwa na malori kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Ilibidi nimweleze kwamba kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo letu liliitwa kwa jina la madini yake, kisha likarudi kuwa Katanga, kisha mwaka 2015 Katanga yenyewe ikakatwa vipande vinne, na Kongo ikahama kutoka majimbo 11 hadi 26. Nchi ilikuwa Zaïre. Mji huu, ulioanzishwa 1910, ulikuwa Élisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji, hadi 1966. Mtu aliyezaliwa hapa mwaka 1950 na hajawahi kuhama hata barabara moja, amebadilishiwa jina la mji, la jimbo na la nchi.

Kundi la pili lilituumiza zaidi: majibu ambayo hayakuwahi kuwa kweli hata siku yalipoandikwa. Kwamba Ukuta wa China unaonekana kutoka mwezini, hauonekani. Kwamba Sherlock Holmes husema mara kwa mara ile sentensi ya kumwambia Watson mpendwa kuwa jambo ni jepesi. Katika hadithi zote alizoandika Conan Doyle, Holmes haisemi sentensi hiyo kama watu wanavyoinukuu. Kwamba Tarzan alilelewa na gorila. Hili la mwisho nililichimba kwa sababu ya ukaribu wake nasi. Gorila halisi wako Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu. Edgar Rice Burroughs, mwandishi wa Tarzan, hakuwahi kukanyaga Afrika. Nyani waliomlea Tarzan ni wa kubuni, anawaita Mangani, na gorila katika hadithi hiyo ni mnyama mwingine kabisa, tena adui. Hadithi ilipotoka gazetini mwaka 1912 aliweka hata simbamarara ndani ya msitu wa Afrika, mnyama wa Asia. Kitabu kilipochapishwa 1914 akageuzwa kuwa simba jike. Watoto wetu wanapoulizwa kuhusu Tarzan, wanaulizwa kuhusu msitu ambao haupo. Sijaliondoa swali hilo. Nimelibadilisha: "Ni mnyama gani wa Asia aliyewekwa kimakosa katika hadithi ya kwanza ya Tarzan?" Wanalipenda.

Kuna maswali mengine ambayo jibu lake halina kosa, kosa liko kwenye swali. "Nani aligundua mto Kongo?" Baba alijibu Diogo Cão, 1482, kama vitabu vyote vya shule vya enzi yake. Mreno huyo alifika kweli kwenye mlango wa mto mwaka huo. Lakini alikuta watu kando ya mto, wana mitumbwi, wana mfalme. Tukaandika: "Ni baharia gani Mreno aliyefika kwenye mlango wa mto Kongo mwaka 1482?" Jibu ni lile lile, alama ni zile zile, na mtoto anayejibu hajalazimika kukubali kwamba babu zake walikuwa hawajauona mto waliounywa.

Swali la Mwepu lilinifanya nisimame kabisa.

Kombe la Dunia la 1974, Ujerumani Magharibi. Zaïre ndiyo timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika huko, tena ikiwa bingwa wa Afrika, imetoka kutwaa kombe Misri mwaka huo huo. Tarehe 22 Juni inacheza na Brazil. Brazil wanapewa mpira wa adhabu, wanajipanga kupiga, ghafla Mwepu Ilunga, beki namba 2, anachomoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali. Mwamuzi anamwonyesha kadi ya njano. Dunia nzima ilicheka. Watangazaji walisema Waafrika hawajui kanuni za mpira, na kwa miaka mingi tukio hilo limewekwa kwenye vitabu vya maswali na kwenye orodha za vichekesho vya Kombe la Dunia.

Swali la baba lilikuwa: "Mchezaji gani alipiga mpira wa adhabu wa wapinzani mwaka 1974?" Tarehe ya pembeni 6/86, wakati wa Kombe la Mexico. Niliwahi kuliuliza ukumbini, mwaka mmoja kabla ya lile kosa la Sudan. Watoto waliocheka walikuwa wengi. Mzee mmoja akasimama nyuma, akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini iliyonyamazisha mabenchi yote: "Mwepu ni mutoto wa Mazembe. Kanuni alizijua."

Alizijua. Mwepu alichezea TP Mazembe, timu yetu, na miaka mingi baadaye alieleza mwenyewe kwamba alifanya makusudi. Wachezaji walikuwa hawajalipwa walichoahidiwa. Walikuwa wamefungwa 2 na Scotland, kisha 9 na Yugoslavia, mechi ambayo nusura wagome kuicheza. Baada ya hizo tisa, alisema, walijiwa na walinzi wa rais na kuambiwa kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu wasitarajie kurudi nyumbani. Matokeo yalikuwa 3-0. Mtu aliyepiga mpira ule alikuwa na hofu na hasira, na alitamani kadi. Dunia ikaona mjinga. Alifariki mwaka 2015.

Tuliandika swali upya mara nne. La kwanza lilikuwa refu mno, la pili lilikuwa na uchungu kuliko swali. Limebaki hivi: "Zaïre ilitishiwa isifungwe na Brazil zaidi ya mabao mangapi mwaka 1974, kwa maelezo ya Mwepu Ilunga?" Mtoto anajibu "matatu", kengele inalia, na ukumbini hakuna anayecheka.

Ndugu wa swali hilo ni lile la Ali na Foreman. Pambano la Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, lilianza saa kumi alfajiri ili Wamarekani walione usiku wao, na Ali akamwangusha Foreman raundi ya nane. Baba aliuliza: "Lubumbashi ilikuwa saa ngapi?" Saa kumi na moja, kwa sababu nchi yetu ina majira mawili ya saa, na sisi wa mashariki tuko mbele kwa saa moja. Hilo sikuligusa hata nukta.

Halafu kuna ukurasa wa 27, wenye doa la mawese upande wa juu, ambao ningeupeleka kaburini kama ningeruhusiwa. Swali linasema: "Mimi na Toutou walipita mji huu mwaka 1915 wakielekea ziwani. Ni nani?" Mara ya kwanza nilipolisoma mbele ya watoto ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na msichana mmoja akaniambia: "Mwalimu, nyiye mulikuwa hamuyazaliwa!" Kwa Kiswahili swali hilo haliwezi kusomwa bila msomaji kujitaja. Nina hakika baba alilijua hilo alipoliandika.

Mimi na Toutou ni mashua mbili za vita, za mbao, zenye injini, kila moja kama mita 12. Vita Kuu ilipoanza Wajerumani walishika ziwa Tanganyika kwa meli zao, na Waingereza wakaamua kupeleka mashua hizo kutoka kwao. Kamanda, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa, akachagua majina ambayo kwa Kifaransa cha watoto yana maana ile ile. Zilisafiri baharini hadi Cape Town. Kutoka Cape Town zilipanda treni, na treni ikazileta hapa Élisabethville, mji uliokuwa na umri wa miaka mitano. Reli iliendelea hadi Fungurume, ikaishia hapo. Baada ya Fungurume ni pori na milima ya Mitumba. Mashua zilivutwa juu ya magari ya kukokotwa kwa injini za mvuke na kwa ng'ombe, zikashushwa kwa kamba kwenye mteremko, na watu wa huku, mamia kwa mamia, walikata miti, wakatengeneza njia na kujenga madaraja mengi mno ili mizigo ivuke. Kisha reli tena hadi Bukama, kisha mto Lualaba, kisha reli, hadi ziwani, pale ambapo leo ni Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka meli ya Kijerumani Kingani, Waingereza wakaiita Fifi. Februari 1916 wakazamisha ya pili, Hedwig von Wissmann.

Iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko zote: Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa hadi Kigoma ili iungwe upya. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha walipokuwa wanakimbia, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nene, kwa matumaini ya kuirudia. Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Vizazi vya abiria wa ziwa, pamoja na wakimbizi wa vita vyetu, wamesafiri juu ya meli hiyo.

Kutokana na vita hivyo vya ziwani C. S. Forester alipata wazo la riwaya yake, The African Queen, mwaka 1935, na mwaka 1951 John Huston akaitengenezea filamu, sehemu yake akiipigia hapa Kongo, kwenye mto Ruiki, na sehemu nyingine Uganda. Humphrey Bogart alipata Oscar yake ya pekee kwa filamu hiyo. Katika filamu meli ya Wajerumani inazamishwa na mashua kuukuu ya mapenzi na ushujaa. Katika ziwa halisi ilizamishwa na mafundi wake, kwa upole, na grisi. Nawaambia watoto hadithi zote mbili, na karibu wote wanaipenda zaidi ile ya grisi.

Kijana wangu wa Algeria alisikiliza hadithi hiyo Jumamosi moja ya Oktoba, majakaranda yamemwaga maua barabarani. Alipomaliza kusikiliza hakuuliza juu ya Bogart. Aliuliza madaraja yale yalijengwa na watu wa vijiji gani. Babu wa nkambo wake alitoka upande wa Bukama. Tulikwenda kumuuliza nkambo. Aliacha kusonga bukari, ugali wetu, akafikiri, akasema aliwahi kusikia kwao kwamba wazungu walipitisha mtumbwi juu ya mlima, na kwamba watoto waliosimulia hivyo walichapwa kwa kusema uongo.

Sijui tufanye nini na sentensi hiyo katika mchezo wa maswali. Haina tarehe ya kuweka pembeni. Niliiandika nyuma ya ukurasa wa 27, bila alama.

Sehemu ninayoipenda kuandaa siku hizi ni ile ya kutambua mtu kwa dalili, ambapo dalili ya kwanza ni ngumu na ina alama 40, ya mwisho ni nyepesi na ina alama 10. Kijana ndiye aliyetunga hii. Arobaini: baba yangu Kalasa alifuata biashara ya shaba, nami nilizaliwa Unyamwezi. Thelathini: watu wangu wanaitwa Bayeke. Ishirini: mji wangu mkuu ulikuwa Bunkeya. Kumi: niliuawa tarehe 20 Desemba 1891, msafara wa Stairs ulipokuja kunitaka nikubali bendera ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Timu nyingi huipata kwenye Bunkeya. Safari moja msichana mdogo aliwahi kengele kwenye Kalasa, akasema "Msiri" bila kupumua, na kapiteni wake akamkumbatia hadi miwani ikaanguka.

Kazi tuliimaliza wiki ya mwisho kabla ya Krismasi. Majibu yote yalikuwa na tarehe mpya, 12/18, kwa kalamu ya risasi, chini ya zile za baba. Nilinunua fanta mbili. Nilimwambia kijana sasa tunaweza kulala.

Mwanzoni mwa 2019, jioni ya mvua kubwa, simu ililia. Alikuwa ameazima simu ya mjomba wake na alikuwa anaongea haraka ili salio lisiishe.

"Mwalimu, ukurasa wa 41. Burundi."

"Tulihakikisha Burundi. Ni Bujumbura."

"Imehamishwa. Ni Gitega. Redio imesema."

Nikaamka kutafuta kalamu ya risasi.